Kadiri na Daima: Ulinzi wa Mabomba Yanywayo Maji ya Bahari

Kabla ya yote napenda kulijibu swali ambalo naamini limo katika nyoyo za wengi wenu, nalo ni kwamba mhadhara juu ya maji ya bahari unawahusu nini watu wa Eastlands ya Nairobi, ambao bahari iko mbali nao kwa mwendo wa takriban kilomita 480, na ambao maji yanayowashughulisha kila kukicha ni yale ya mfereji yasiyotoka.

Jibu langu lina sehemu tatu. Ya kwanza ni umeme. Si mbali na hapa, jirani na Mathare, kipo kituo cha Juja Road, ambamo nyaya za kilovolti 132 zitokazo Rabai huishia baada ya kuivuka nyika yote ya Taru na Tsavo. Na sehemu ya umeme wa Pwani asili yake ni Kipevu, upande wa bara wa bandari ya Kilindini, ambako kituo cha mvuke kilichoanzishwa katika miaka ya 1950, zama za Kampuni ya East African Power and Lighting, kilichota maji ya bahari kupozea mvuke wake. Ya pili ni riziki. Vijana wetu wengi huvuka bahari kwenda kufanya kazi Oman, Imarati, Qatar na Saudia, nchi ambazo umeme wake na maji yake ya kunywa hutegemea mitambo inayonywa bahari mchana na usiku, na atakayefika huko akiijua kazi hii hatabaki kuwa mbeba mizigo. Ya tatu ni maamuzi. Nchi yetu imekwisha kujadili kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu, na kituo cha nyuklia huko Uyombo, Kilifi, na mijadala ya namna hiyo itarudi tena na tena. Basi raia asiyejua mitambo hiyo inapoaje atawezaje kusema neno lenye uzito siku atakapoulizwa rai yake?

Neno langu kuu ni moja, nami nitalitolea ushahidi kwa kadiri ya uwezo wangu. Viumbe vya bahari vinavyoziba mabomba ya viwanda havishindwi kwa pigo moja kubwa, bali kwa kipimo kidogo kisichokatika. Na anayewekwa kuyalinda mabomba hayo hahitaji nguvu nyingi, illa anahitaji mambo mawili, kadiri na daima, yaani kukijua kiasi kinachotosha, na kutokiacha kiasi hicho hata siku moja.

Na tuanze kwa kuufahamu mtambo wenyewe. Kituo cha umeme wa mvuke, kiwe kinachoma mafuta au makaa ya mawe, au kiwe kinatumia nguvu za nyuklia, kina desturi moja: huchemsha maji safi kabisa, mvuke wake ukazungusha turbini, kisha mvuke huo uliokwisha nguvu sharti urudishwe kuwa maji ili uchemshwe upya. Chombo cha kuurudisha, ambacho mafundi hukiita kondensa, ni tangi kubwa lililojaa maelfu ya mabomba membamba. Ndani ya mabomba hupita maji ya bahari, na nje yake mvuke hugusa ukuta wa baridi ukadondoka matone. Karibu nusu ya joto lote la makaa ya mawe, na katika kituo cha nyuklia karibu thuluthi mbili ya joto lake, haliwi umeme abadan, bali hupita katika kuta za mabomba hayo na kuchukuliwa na bahari. Ndiyo maana kituo cha megawati 1,000 ambacho maji yake hupita mara moja tu na kurudi yakiwa yamepanda joto kwa nyuzi 8 au 9 huhitaji takriban mita za ujazo 40 kila sekunde; na mkitaka kuiona hesabu hiyo kwa macho ya mitaa yetu, ni sawa na maboza manne ya lita 10,000, kama hayo tunayoyakimbilia na madumu mifereji ikikauka, yakimiminwa yote katika sekunde moja, na sekunde inayofuata manne mengine, mwaka mzima bila kituo.

Maji mengi namna hiyo hayaji matupu. Bahari ni ulimwengu wenye uhai, na tone lake moja lina viumbe ambavyo jicho halivioni. Metali mpya ikitumbukizwa baharini, katika dakika za mwanzo hushikwa na utando mwembamba wa mabaki ya uhai yaliyoyeyuka majini; baada ya saa chache bakteria hutua juu ya utando huo na kutoa ute wa kujishikiza; na ute huo si mgeni kwetu, kwani jamaa yake ndio utandao ndani ya matangi ya plastiki juu ya mapaa ya Umoja na Kayole yasiposuguliwa. Wiki chache hazipiti kabla ya kuwasili viluwiluwi vya kome na chaza, vya minyoo ijengayo vijumba vya chokaa, na vya vile viumbe vyenye magamba makali ambavyo kila aliyekanyaga mwamba wa pwani kwa mguu mtupu anavikumbuka. Kila kimoja kati ya hivyo katika utoto wake huelea, kikitafuta mahali pa kukaa maisha yake yote. Na bomba la kiwanda ni mahali pema kupita miamba mingi, kwa kuwa mkondo usiokatika hukiletea chakula na hewa, huchukua uchafu wake, na ndani ya giza lile hakuna samaki wala ndege wa kukidonoa.

Fauka ya hayo, bahari yetu haina msimu wa kupumzika. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya mlinzi wa mabomba hupata nafuu wakati wa baridi, maana viumbe huacha kuzaa. Lakini Mombasa, ambako maji huwa kati ya nyuzi 24 na 30 mwaka mzima, iwe kaskazi au kusi, viluwiluwi huja kila mwezi, hata kama aina moja itatangulia na nyingine ikafuata.

Hasara yake ni ya namna mbili, na ni vema zisichanganywe. Namna ya kwanza ni ya ute peke yake, nayo huhadaa kwa sababu ute ni mwembamba. Joto hupita katika ute kwa uzito kama linavyopita katika maji yaliyotuama. Kwa hiyo utando wa ute wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita huzuia joto kuliko ukuta wa milimita saba wa ile shaba iliyochanganywa na nikeli inayotumika kutengenezea mabomba, ilhali ukuta halisi wa bomba ni wa milimita moja hivi. Sasa tazameni matokeo. Katika maji ya joto kama ya kwetu, kondensa safi yamkini itaugeuza mvuke kuwa maji katika nyuzi 40, na mgandamizo ndani yake utakuwa sehemu moja ya 14 ya mgandamizo wa hewa ya nje. Ute ukitanda na nyuzi zikapanda hadi 46, mgandamizo huo hufika sehemu moja ya 10, mvuke ukakosa nafasi ya kutanuka hadi mwisho, na turbini ikatoa umeme pungufu kwa mafuta yaleyale. Hakuna king'ora kitakacholia. Kila saa kiasi cha mafuta huungua bure, na gharama yake hufika katika ankara ya mama mwenye duka dogo la Shauri Moyo bila yeye kujua imetoka wapi.

Namna ya pili ni ya viumbe wenye magamba, nayo huja kwa kishindo. Kome hukaa katika mahandaki na mabomba makubwa ya kuingizia maji, huongezeka tabaka juu ya tabaka, kisha magamba yao hung'oka na kusukumwa hadi kwenye vinywa vya mabomba membamba. Gamba moja likikwama ndani ya bomba, maji hulizunguka kwa kasi kubwa na kuula ukuta ulio kando yake hadi utoboke. Na siku utakapotoboka, maji ya chumvi huingia katika maji safi ya kuchemshwa, nayo chumvi hiyo ni adui wa boila asiye na mfano. Ushahidi uko ng'ambo ya pili ya bahari hii yetu ya Hindi, katika kituo cha nyuklia cha Kalpakkam karibu na Chennai, ambacho mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 1983, na ambacho huvuta maji kwa handaki lililochimbwa chini ya bahari kwa urefu wa takriban nusu kilomita. Kome wa kijani waliliandama handaki hilo, na wataalamu wa huko wamekuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa elimu hii duniani, kwa sababu iliwabidi kuisoma wakiwa vitani na kome hao.

Lakini elimu hii haikuzaliwa na viwanda. Mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja waliijua kabla boila ya kwanza haijafika pwani hizi. Chombo kilichokaa majini hupata mwani na magamba tumboni, kikawa kizito, tanga likavuta bila faida. Basi manahodha walikipandisha pwani wakati wa bamvua, maji yalipokupwa wakakilaza ubavu, wakakikwangua, wakakikalafati, kisha wakalipaka tumbo lake deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Deheni haikukusudiwa kudumu milele. Ilikusudiwa kuliwa na bahari polepole badala ya ubao kuliwa, na kupakwa upya kila ilipokwisha. Na nahodha aliyeghairi kazi hiyo kwa kuona chombo chake bado kipya alijikuta na mbao zilizotobolewa na minyoo. Hapo mna kadiri, mna na daima.

Waingereza nao walilisoma somo hilo kwa njia ya gharama. Mwaka 1761 waliifunika merikebu yao ya kivita HMS Alarm kwa mabamba ya shaba, wakaona ajabu: minyoo haikupenya na magamba hayakushika. Lakini shaba ilikuwa inaliwa na chumvi, na mabamba ni ghali. Ndipo mwaka 1824 mwanakemia mkubwa Humphry Davy alipovumbua kwamba kipande kidogo cha zinki au chuma kikigusishwa na shaba hujitoa mhanga, kikaliwa chenyewe, na shaba ikabaki salama. Kwa upande wa kemia, Davy alisibu kabisa. Shaba ilisalimika. Lakini merikebu zilizopewa kinga hiyo zilirudi bandarini zikiwa zimevaa mwani na magamba mengi, na kinga ikaachwa. Kwa sababu shaba ilikuwa ikilinda kwa kule kuyeyuka kwake kidogo kidogo, na ilipozuiwa kuyeyuka haikuwa tena na silaha. Nawaomba wanafunzi wa ufundi mlioko hapa mkitie kisa hiki moyoni, maana mtakutana nacho tena katika kila kiwanda: ukiiokoa metali mno, huwaita viumbe, na ukiwaua viumbe mno, huila metali. Kazi yote ya mhandisi imo kati ya kingo hizo mbili.

Amma sumu kali isiyo na kadiri, hiyo nayo imekwisha kutoa hukumu yake. Katika karne iliyopita zilitengenezwa rangi za meli zenye mchanganyiko wa bati, zilizoua kila kiluwiluwi kilichosogea, na wenye meli wakazifurahia. Kumbe sumu hiyo iliendelea kuua bandarini baada ya meli kuondoka. Katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa magamba ya chaza yaliharibika na kilimo chao kikaanguka, hata serikali ikazikataza rangi hizo kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na katika nchi nyingi konokono wa baharini wa kike walionekana wakiota viungo vya kiume. Mwisho wake ukawa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2008, wa kuziondoa baharini.

Dawa inayotumika zaidi katika mabomba ya viwandani leo ni klorini, ileile inayotiwa katika maji yetu ya kunywa, na uzuri wake ni kwamba huweza kutengenezwa kwa bahari yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi; mkondo wa umeme ukipitishwa ndani yake, chumvi hugeuka kuwa dawa papo hapo, pasipo haja ya kusafirisha mitungi ya gesi ya hatari barabarani. Lakini umeme huohuo hutoa pia gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kulipuka, na mfanyakazi asiyehakikisha kwamba inapeperushwa nje ya jengo anajitia katika hatari kubwa.

Sasa kiasi gani? Hapa ndipo elimu inapotengana na pupa. Mtu asiyejua husema: tutie dawa nyingi mara moja kwa wiki, tuue wote, tulale. Kome hamkubalii. Kiumbe huyu huionja klorini, akayafumba magamba yake, akajizuia kula na kuvuta maji kwa siku nyingi, na dawa ikikatika hufumbua na kuendelea na maisha yake. Hivyo pigo kubwa la mara moja huichosha hazina ya kiwanda pasipo kumdhuru mkazi wa bomba. Anayefaulu ni yule atiaye dawa chache mfululizo, kiasi cha kubakiza miligramu 0.2 hivi katika lita, ambacho hakimuui kome mkubwa upesi, bali humnyima kiluwiluwi raha ya kutua na humdhoofisha aliyekwisha kutua hata aache kukua. Wataalamu wa Uholanzi waliisogeza hekima hiyo mbele walipogundua kwamba kome akifumbua baada ya dawa kukatwa huhitaji muda kidogo kabla ya kurudia hali yake. Wakaanza kuitia dawa kwa vipindi vifupi vinavyofuatana, ili kila anapofumbua akute dawa imerejea, na kwa njia hiyo wakatumia klorini pungufu wakapata faida iliyozidi.

Hesabu ya kituo chetu cha mita za ujazo 40 kwa sekunde itawaonyesha uzito wa jambo hili. Tukitia miligramu 1 tu kwa kila lita, tutatumia karibu tani tatu na nusu za klorini kila siku. Makosa ya nusu miligramu, ambayo mkononi hayaonekani, ni karibu tani mbili kwa siku. Zikipungua, kome watashukuru, na zikizidi, zitatoka kwenye mdomo wa kutolea maji na kwenda kwa samaki wa wavuvi. Na klorini baharini haibaki klorini, kwa kuwa hukutana na bromini iliyomo katika chumvi na kuzaa misombo mingine ambayo baadhi yake hudumu. Ndiyo maana miongozo ya Benki ya Dunia kwa vituo vya umeme wa joto inataka mabaki yake katika maji yanayotoka yasizidi miligramu 0.2 kwa lita.

Hata hivyo mwenye busara haanzi na dawa. Huanza na ramani ya kiwanda kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, akahakikisha kwamba mabomba hayana pembe wala vichochoro ambamo maji hutuama, na kwamba maji yanakwenda kwa kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde, kwa sababu kiluwiluwi hupata taabu kujishika katika mkondo wa namna hiyo, lakini isiwe kasi ya kuikwaruza shaba. Kisha huchagua metali: shaba yenye nikeli huwachukiza viumbe lakini huliwa na kasi na uchafu, titaniamu hailiwi na bahari karibu kamwe, lakini haiwachukizi viumbe hata kidogo, na atakayeichagua sharti akumbuke kisa cha Davy, kwamba amenunua uzima wa metali kwa bei ya kuongeza usafi. Na usafi huo una njia yake nzuri iliyoenea kutoka Ujerumani tangu miaka ya 1950, ambapo vimipira laini vya sifongo, vyenye upana unaozidi kidogo tundu la bomba, husukumwa na maji yenyewe kupita ndani ya kila bomba wakati mtambo unafanya kazi, vikisugua ute kabla haujakomaa, kisha hukusanywa upande wa pili na kurudishwa mwanzo. Katika viwanda vingine maji ya moto yaliyokwisha kupita katika kondensa hurudishwa kinyume kwa muda ili kome wafe kwa joto bila dawa yoyote; lakini viumbe vya bahari yetu vimezoea joto, na njia hiyo huku kwetu hudai nyuzi za juu zaidi.

Mlangoni huwekwa vyuma vya kuzuia magogo na mwani, na nyuma yake nyavu zinazozunguka na kujiosha. Hizo nazo zina siku zao za mtihani. Desemba 1999 kome hawakuhusika, bali makundi ya yavuyavu yaliziba mlango wa maji wa kituo cha Sual nchini Ufilipino, na sehemu kubwa ya kisiwa cha Luzon ikalala gizani, watu wakidhani serikali imepinduliwa. Na Juni 2011 yavuyavu wa namna hiyohiyo waliwalazimisha wakuu wa kituo cha nyuklia cha Torness, Uskochi, kuizima mitambo yote miwili. Katika Bahari ya Oman na Ghuba, miaka ya 2008 na 2009, maji yalibadilika rangi kwa wingi wa vijimea visivyoonekana kimoja kimoja, samaki wakafa kwa tani nyingi, na viwanda kadhaa vya kusafisha maji ya chumvi vikapunguza kazi au kusimama. Wala msidhani maji baridi yana salama yake: katika miaka ya 1990 gugu maji la Ziwa Nyanza lilisumbua hata vinywa vya maji ya kupozea mitambo ya Owen Falls, Jinja, ambayo umeme wake ulifika Nairobi. Hapana mtambo ulindao mlango wake kwa nyavu peke yake. Hulindwa na mtu anayezitazama.

Nimesema juu ya haki ya kiwanda. Sasa niseme juu ya haki ya bahari. Maji yaliyopoza mvuke hurudi yakiwa na joto, yakiwa na mabaki ya dawa, na yakiwa yameua sehemu ya mayai na vitoto vya samaki vilivyovutwa ndani pamoja nayo. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka mpaka wa nyuzi 3 tu za kupishana na joto la maji yanayoyapokea. Wavuvi wa Lamu walipouliza juu ya mikoko yao, kamba wao na maji ya moto yatakayomwagwa kutoka Kwasasi, hawakuwa wapinga maendeleo. Waliuliza swali la uhandisi lililokuwa likistahili jibu. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliibatilisha leseni ya mradi ule, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nami naamini kwa moyo wangu wote kwamba mvuvi wa Pate na fundi wa kiwanda hawana ugomvi wa asili, kwa sababu kila gramu ya dawa isiyotumika bure ni faida kwa wote wawili, na anayepima vizuri kwa ajili ya mabomba amekwisha kupima vizuri kwa ajili ya samaki.

Basi wajibu wetu ni upi, sisi tusiokaa pwani? Kwenu vijana wa vyuo vya ufundi, nasema kwamba kazi hii haihitaji mtu aliyezaliwa ufukoni, bali mtu mwenye tabia ya kuandika. Moyo wa ulinzi wote niliouelezea ni daftari: joto la maji yaingiapo na yatokapo, mgandamizo ndani ya kondensa, klorini iliyobaki, vibao vya majaribio vilivyozamishwa mlangoni na kutolewa kila wiki kutazamwa nini kimeota juu yake. Anayeyaandika hayo kila zamu huuona ugonjwa miezi kabla haujaonekana na wakuu, na jambo la kusikitisha ni kwamba katika viwanda vingi daftari hujazwa mwisho wa wiki kwa kubahatisha. Kwenu mafundi wa Kamukunji, Gikomba na Kariobangi, mnaojua kukunja bati na kuchomelea vyuma kwa mikono yenu, nasema kwamba nyavu, vichujio na vyuma vya mlangoni vinavyoagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha nyingi vina sehemu ambazo mnaweza kuzitengeneza, mkifundishwa vipimo vyake na aina za metali zake. Na vyuo vyetu vina deni la kuwafundisha.

Kwenu raia nyote nawaachia maswali matatu ya kuuliza siku wakuu wa mradi wowote wa pwani au wa ziwani watakapowaita kutoa maoni, hata kama mkutano utakuwa mbali na mitaa hii na mtatuma barua tu. Ulizeni ni kiasi gani cha dawa kitatiwa katika maji na kiasi gani kitabaki yakitoka. Ulizeni ni nani atakayepima, na mara ngapi kwa siku. Na ulizeni daftari la vipimo hivyo litawekwa wapi ambapo mwananchi anaweza kulisoma. Mradi ambao wenyewe wanaweza kuyajibu hayo matatu bila kigugumizi yaelekea umeijua kadiri yake na umeazimia kuidumisha. Na usioweza kuyajibu, hata majengo yake yang'ae vipi siku ya ufunguzi, msiupe idhini yenu mpaka utakapoyajibu.